Kiwiko Kinachouma: Je, Ni Lazima Upasuliwe?

 

Huenda wewe hufulia watu nguo Buruburu, Umoja au Donholm, kisha jioni unapandisha mtungi wa maji wa lita 20 hadi orofa ya nne. Miezi imepita na kiwiko kinauma upande wa ndani, ule wa mbavuni. Ukikamua blanketi, kinachoma. Ukimbeba mtoto, mkono unakosa nguvu.

Hapo ndipo kano za misuli inayokunja vidole na kiganja zinaposhika mfupa. Zikivutwa kila siku bila kupumzishwa, huchakaa na kuchanika kidogo kidogo.

Je, ni lazima upasuliwe? Kwa wengi, la. Wengi hupona kwa kupunguza kazi inayoumiza mkono na kufanya mazoezi wanayofundishwa na mtaalamu wa viungo. Usikamue nguo nzito, zianike zichuruzike. Jaza mtungi nusu. Sindano ya steroidi hutuliza kwa muda tu, kwa hivyo usidungwe mara kwa mara.

Upasuaji hufikiriwa ikiwa umefuata matibabu hayo kwa miezi 6 hadi 12 na hakuna nafuu. Daktari bingwa wa mifupa hufungua ngozi, huondoa sehemu ya kano iliyoharibika na kushona iliyo nzima. Wengi hupata nafuu. Lakini mshipa wa fahamu wa kidole cha mwisho hupita papo hapo, nao unaweza kuumia. Muulize daktari kuhusu hilo kabla ya kutia sahihi.

Kidole cha mwisho na cha pete vikifa ganzi, usingoje miezi hiyo. Nenda hospitali mapema.

Panga nyumbani pia. Nyuzi hutolewa baada ya wiki 2 hivi, lakini kazi nzito husubiri miezi 3 hadi 6. Nani atafua? Nani atambeba mtoto? Zungumza na jamaa na chama chako mapema.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wanaweza kukutuma Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hivyo hakikisha umejisajili, na uulize italipia nini.

Mkono huo ndio unaolisha nyumba yako, mama. Usiuache uharibike kwa kunyamaza.