MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WAKAZI WA KWEDIZINGA: KUHESABU NONDO WA VIWAVIJESHI



Viwavijeshi wanapogunduliwa shambani, mara nyingi mahindi yamekwisha kuliwa. Mtangulizi wao ni nondo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, wataalamu waliwafundisha wakulima waliochaguliwa na vijiji vyao kutumia kipimamvua na mtego wenye harufu ya nondo jike. Mkulima alihesabu madume walionaswa, akapima mvua, akaandika daftarini. Nondo walipozidi na mvua iliponyesha, kijiji kilitangaziwa hadhari, mashamba yakaguliwe viwavi wangali wadogo.

Handeni na Korogwe nasi twategemea mahindi. Mfano huo watufaa. Kazi hii haidai shahada, yadai uaminifu. Mtego ukiwa mtupu, iandikwe sifuri. Daftari lenye pengo hupotosha hadhari.