DAMU NA KALAMU
(Maneno ya hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, fundi wa maabara, mbele ya mkutano wa chama)



Nitasema machache juu ya kazi yetu sisi tupimao damu. Watu wengi wa Temeke na Kinondoni watujua kwa sindano tu. Mgonjwa huchomwa, huambiwa angoje, kisha hupewa majibu. Yaliyo katikati hayaoni.

Mwaka 1901 Karl Landsteiner, tabibu wa Vienna, alieleza ya kuwa damu za watu si namna moja. Leo twazigawa makundi manne: A, B, AB na O. Mtu wa kundi O akitiwa damu ya kundi A, mwili wake huipiga vita damu ile, naye huenda akafa. Kwa hiyo hapana chupa itokayo kwetu kabla hatujapima kundi, tukaichanganya damu ya mgonjwa na ya mtoaji kuona kama zapatana. Nayo damu ya mtoaji huwa imekwisha kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya namna B na C, na kaswende.

Lakini, ndugu zangu makarani, hatari iliyo kubwa haimo katika mashine. Imo katika kalamu. Aghalabu mgonjwa atiwapo damu isiyomfaa, kosa ni la jina. Katika hospitali moja nilimofanya kazi zamani walilazwa wanawake wawili, majina yao sawa hata la baba. Vichupa vyao viliandikwa mezani, si kando ya kitanda. Mmoja wao alikuwa na kipimo cha zamani daftarini. Nilipopima, kundi halikulingana. Ilikuwa usiku, nimechoka, na muuguzi yu mlangoni akihimiza. Nikakataa kutoa damu mpaka wote wawili wapimwe upya. Nililaumiwa sana, lakini ikaonekana vichupa vilikuwa vimebadilishana.

Tangu siku ile nawafundisha vijana: andika jina ukiwa mbele ya mgonjwa, wala usimwulize, “Wewe ndiwe fulani?” Mwenye homa huitikia lolote. Mwache ajitaje mwenyewe.

Neno la mwisho. Damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Katika baridi ya digrii 2 hadi 6 hudumu siku 35 tu. Watoaji wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari, na shule zifungwapo majokofu huwa matupu, ilhali mama wajawazito na watoto wenye malaria hawana likizo. Mtu mzima mwenye afya, asiyepungua kilo 50, aweza kutoa: mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Naomba chama kichague siku moja katika kila likizo, twende pamoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.