Mgeni njoo, mwenyeji apone

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tulimfahamu Quincy Jones kwa sababu ya Michael Jackson na santuri ya "Thriller" ya mwaka 1982. Leo naomba turudi nyuma kidogo, hadi mwaka 1974, alipotoa santuri kwa jina lake mwenyewe, "Body Heat".

Wako wapenzi wa jazi waliomlaumu kwamba ameihama nyumba yake na kukimbilia soko la soul. Mimi sikubaliani nao. Santuri hiyohiyo ina "Along Came Betty", utunzi wa Benny Golson ambao Art Blakey aliurekodi mwaka 1958. Kwenye vinanda yumo Herbie Hancock. Jazi haikufukuzwa nyumbani. Iliketishwa sebuleni pamoja na wageni.

Na wageni wenyewe ni akina nani? Katika "If I Ever Lose This Heaven" utawasikia Minnie Riperton na Al Jarreau. Riperton alikuja kuvuma dunia nzima mwaka uliofuata, na Jarreau naye alitoa "We Got By" mwaka huohuo wa 1975. "Everything Must Change" imeimbwa na aliyeitunga, Benard Ighner, ambaye jina lake halikuwa kubwa. Quincy angeweza kuuchukua wimbo ule na kumpa mwimbaji mashuhuri. Badala yake alimwachia mwenyewe, taratibu, bila ala kumfunika. Baadaye George Benson na Nina Simone nao waliurekodi.

Agosti 1974, miezi michache baada ya santuri kutoka, mshipa wa damu ulipasuka kichwani mwa Quincy. Alipasuliwa mara mbili, akapona, lakini madaktari wakamkataza kupuliza tarumbeta, ala iliyomfikisha kwenye bendi za Lionel Hampton na Dizzy Gillespie. Kwa mwanamuziki mwingine huo ungekuwa mwisho. Yeye alibaki na kipaji alichokwisha kukionyesha katika "Body Heat": kusikia uzuri wa mwenzake na kumpa nafasi.

Quincy Jones alifariki Novemba 3, 2024, akiwa na umri wa miaka 91. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Viongozi wa bendi wanaoogopa kuachia kipaza sauti waisikilize santuri hii. Jina la jalada ni moja tu, na halikupungua kwa kuwapisha wengine.