Sindano Chache, Chembe Ndogo: Umbile la Ndani na Kuvunjika kwa Kompoziti za Titani ya Kusubu

Kompoziti huelezwa mara nyingi kwa mfano wa zege na nondo: kimoja kinabeba mzigo, kingine kinakishikilia. Kwa aloi ya titani iliyosubiwa pamoja na boroni kidogo, mfano huo unapotosha. Ninachodai ni kwamba nguvu inayoongezeka hutokana zaidi na jinsi boroni inavyoibadilisha aloi mama yenyewe, ilhali sindano za boridi ya titani, TiB, ndizo zinazoamua ufa uanzie wapi.

Tuchukue Ti-6Al-4V, aloi yenye asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi kwa uzito. Ikiganda kalibuni huunda kwanza chembe za beta, ambazo upana wake huzidi milimita moja kwa urahisi. Joto likishuka chini ya nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, ndani ya chembe hizo huota vitabaka vya alfa vilivyojipanga makundi makundi. Boroni ya asilimia 0.1 tu inatosha kuzipunguza chembe za beta hadi mikromita 200 hivi. Boroni karibu haiyeyuki kabisa katika titani iliyoganda, kwa hiyo husukumwa mbele ya ukingo unaoganda, huchelewesha ukuaji wa chembe, na mwishowe hugeuka sindano za TiB mipakani. Sindano hizo hazifiki hata asilimia 1 ya ujazo. Hata tukizihesabia moduli ya gigapaskali 450, ambayo ni karibu mara nne ya ile ya titani, mgawanyo wa mzigo peke yake unaongeza ukakamavu kwa asilimia 2 hivi. Nguvu ya aloi hupanda zaidi ya hapo, kwa kuwa makundi ya alfa yamefupishwa na mtelezo ndani ya fuwele hukutana na mpaka mapema.

Basi kwa nini tusizidishe boroni? Kwa sababu ikipita kiwango cha yutektiki, karibu asilimia 1.6, TiB huganda kabla ya titani na kukua ikiwa huru ndani ya kimiminika, hadi kuwa vijiti vinene. Vijiti hivyo vimeshikamana vizuri na aloi mama, maana vimezaliwa humo humo na vinatanuka kwa joto karibu sawa nayo. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayoviponza: mzigo hauwezi kuvibandua, hivyo huvikata katikati, na ufa huruka kutoka kijiti hadi kijiti kabla titani haijanyumbuka vya kutosha. Vali za TiB ambazo Toyota iliziweka kwenye gari la Altezza mwaka 1998 hazipingi hoja hii. Zilitengenezwa kwa unga wa metali, njia inayozuia TiB isikue ovyo ndani ya kimiminika.

Pingamizi zito zaidi ni hili: makundi makubwa ya alfa huupinda ufa na kuuchosha, kwa hiyo kuyapunguza hushusha ustahimilivu wa ufa. Ni kweli, na vipimo vinaonyesha hivyo. Lakini kipimo hicho huanza na ufa mrefu uliokwisha kuwapo. Katika kipande kinachotikiswa mamilioni ya mara, sehemu kubwa ya maisha yake huishia katika kuuzaa ufa wenyewe, na hapo mtelezo mfupi ni faida. Mhandisi achague kwa kuangalia kazi ya kipande.

Wengine hutegemea kukandamiza kwa gesi moto, kwenye nyuzi 900 hivi na megapaskali 100. Njia hiyo huziba vitundu vya kusubu, jambo la maana sana, ila vijiti haivigusi: TiB imetulia ndani ya titani na haiyeyuki humo. Isitoshe, ukuta mwembamba wa kipande hupoa haraka na kupata sindano laini, wakati sehemu nene ya kipande hicho hicho hubaki na sindano ndefu. Asilimia ya boroni ni ile ile kotekote. Ndiyo maana ripoti ya majaribio inayotaja asilimia hiyo bila kueleza sampuli ilikatwa wapi, na bila urefu wa sindano ndefu kuliko zote zilizoonekana hadubinini, haimwambii msanifu kipande kitavunjikia wapi.