Hotuba ya Katibu: Ufundi wa Kalibu na Vijana Wetu



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekifikisha Chama chetu mwaka wa kumi. Habari za mapato mmekwisha kuzisikia. Sisi wa ofisini twaomba kunena juu ya ufundi wa kutengeneza kalibu.

Mnakumbuka msimu uliopita gia ya mashine yetu ya kumenyea kahawa ilipovunjika. Siku nne kahawa mbivu zililala maguniani, zikachacha, na daraja likashuka. Mwenye duka la vipuri alitutaka tungoje miezi miwili. Aliyetuokoa ni fundi mmoja wa mjini. Alichonga mfano wa gia kwa mbao, akaushindilia katika mchanga, akautoa, na katika nafasi iliyobaki akamimina chuma kilichoyeyuka. Kilipopoa akakikereza, na mashine ikazunguka.

Tulimwuliza sababu ya mfano kuwa mkubwa kuliko gia yenyewe. Akajibu kwamba chuma kikipoa husinyaa, kadiri ya sehemu 1 katika 100. Asiyeijua hesabu hiyo atapoteza chuma na makaa bure. Basi kazi hii ni ya akili kama ilivyo ya mikono.

Wala kalibu si za mchanga tu. Ndoo za plastiki tunazochumia hutoka katika kalibu za chuma cha pua, vipande viwili vinavyofumbana barabara, na kalibu moja njema huzaa ndoo maelfu. Ujerumani kijana hujifunza ufundi huu miaka 3 na nusu, kiwandani na darasani. Hapa Tanzania, VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kijana aanzapo kwa ukerezaji chuoni, mlango wa kalibu u wazi mbele yake.

Hatuna budi kuungama. Miaka miwili iliyopita mzazi mmoja aliomba Chama kimlipie mwanawe karo ya ufundi. Sisi tuliliacha ombi lile chini ya mafaili, tukidhani fedha za elimu ni za wataka kazi za kalamu. Hasara ya siku nne zile ilizidi karo aliyoomba. Twamwomba radhi.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya Mkutano Mkuu: kila mwaka Chama kisomeshe vijana wawili ufundi huu, nao wakifuzu wazitumikie mashine za wanachama miaka mitatu. Mwenye pingamizi na aseme waziwazi. Anayekubali na ainue mkono.

Udumu ushirika wetu.