Kura si Hisani ya Mwajiri



Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, tulipata uhuru wa kuchagua miongoni mwa vyama vingi. Lakini uhuru huo una faida gani kwa mlinzi ambaye zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa kumi na mbili jioni, ilhali vituo vya kura hufungwa saa kumi na moja?

Wako watakaosema kwamba siku ya uchaguzi ni sikukuu. Ni kweli, 8 Agosti 2017 na 9 Agosti 2022 zilitangazwa kuwa siku za mapumziko. Hata hivyo, mapumziko hayafungi hospitali, hoteli wala malango ya matajiri. Muuguzi, mpishi na yaya waliamkia kazini. Hao ndio ninaowasemea.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 38, yampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura bila vizuizi visivyo vya haki. Nayo Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi wake muda wa kutosha wa kupiga kura. Mshahara haukatwi kwa ajili ya muda huo, wala mfanyakazi haadhibiwi. Mwajiri anayemnyima au kumtisha atenda kosa la jinai. Basi mfanyakazi asiende kwa mwajiri kuomba fadhila; aende wapatane saa.

Lakini tusijidanganye. Sheria haikutaja ni saa ngapi, na mpiga kura hupiga kura pale tu alipoandikishwa. Kibarua wa Mombasa aliyeandikishwa Busia hawezi kwenda na kurudi kwa ruhusa ya saa tatu. Na aombe mapema uandikishaji wake uhamishiwe karibu na kazini.

Nanyi viongozi wa vyama vya wafanyakazi, jadilianeni na waajiri kuhusu zamu kabla ya siku kuwadia, na mapatano yaandikwe. Asubuhi ya uchaguzi, foleni ikiwa imekwisha kuzunguka uwanja wa shule, hakuna wakati wa kubishana.

Mbele ya sanduku la kura, tajiri ana kura moja na kibarua wake ana kura moja. Tusikubali usawa huo uzuiliwe langoni.