Tuwafumie kwanza watoto wetu wenyewe

(Maneno ya timu ya tereni mbele ya wanachama, Baraka, kabla ya kura juu ya sanduku la mshikamano)

  Hatutachukua muda mwingi, mawingu munayaona na wengine wenu wanarudi mbali.

Komite ilituomba tuseme kitu juu ya kufuma. Sababu munaijua: kuna wazo la kutoa feza kwenye sanduku la mshikamano, kununua uzi, na kufungua atelie ya sweta za watoto za kuuza. Sisi tumetembea nyumba kwa nyumba, tumekaa na wamama jikoni, na tunataka kuwaambia wazi vile tunavyoona. Uzi ununuliwe, ndiyo. Lakini sweta za kwanza zisiende sokoni, ziende kwenye migongo ya watoto wetu wenyewe. Na feza ya kufanya hivyo ni kidogo sana kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya wazo.

Sokoni tupite haraka, kwa sababu soko munalijua kutuzidi. Sweta ya mtoto kwenye fungu la mitumba inauzwa bei ambayo uzi mpya peke yake hauifikii, bado hujahesabu jioni zako. Tumeona atelie za namna hiyo mahali pengi. Formasio inafanyika, cheti kinatolewa, picha inapigwa, kisha sweta zinakaa kwenye kabati kwa sababu kila mnunuzi anashika, anasifu, anauliza bei, anaenda kwenye mitumba. Hatusemi wale wamama walikuwa wavivu. Walikuwa wanashindana na nguo ambayo mtu wa Ulaya ameitoa bure.

Ukimfumia mtoto wako, hesabu inageuka. Mkono wako haukudai franga. Na mtoto wako hahitaji sweta iwe sawa na ya dukani, anahitaji iwe tayari siku anayozaliwa.

Hapo kwenye siku ya kuzaliwa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, na wababa watuvumilie. Munajua neno layeti: kofia, sweta ndogo, soksi, kitambaa cha kumfunika mtoto. Mama akifika materinite, kitu cha kwanza wenzake wanachoangalia ni ule mfuko wake. Tumekutana na wamama waliotuambia kwa sauti ya chini kwamba walizalia nyumbani kwa haya. Njia haikuwa imefungwa, na ile feza ya materinite walikuwa wameipata. Kilichowazuia ni kwamba hawakuwa na kitu cha kumvalisha mtoto mbele ya watu. Mmoja alisema afazali aonwe na bibi yake peke yake. Sasa, mama anayezalia nyumbani akitokwa na damu nyingi usiku, tunajua sote inavyoisha. Kwa hiyo tukisema kofia ya gramu 30, hatusemi mapambo.

Na kuna baridi. Mutasema, baridi gani hapa Baraka? Hapa ziwani tuko karibu mita 770 juu ya bahari, usiku unaweza kulala na kikwembe tu. Lakini wanachama wetu hawakurudi wote kando ya ziwa. Nyinyi mulioshuka mashua hapa tangu mwaka 2005, na nyinyi wa Lugufu kabla kambi haijafungwa mwaka 2009, na nyinyi mulioachana na Nyarugusu nyuma yao, wengine mulipanda juu kwenye mashamba ya wazee wenu. Kila ukipanda mita 1.000, joto linashuka karibu digrii 6. Kule juu ya mita 2.000, alfajiri ni kitu kingine, na moto uliowashwa jioni umeshakuwa majivu.

Mtoto mchanga hana namna ya kutetemeka kama sisi ili ajipashe joto. Mwili wake unatakiwa kubaki kati ya digrii 36,5 na 37,5. Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake wote, na kinatoka kikiwa na maji. Ndiyo maana wauguzi wanasema: mkaushe mara moja, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mvalishe kofia, na musimwogeshe kabla ya saa 24 kupita. Mama zetu wakubwa, tunajua kuoga mapema ni desturi, lakini hiyo maji ya kwanza inaweza kungoja kesho.

Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, chini ya kilo 2,5, kuna njia wanayoita ya kangaroo. Ilianza Bogotá kule Kolombia mwaka 1978, hospitali ilipokosa mashine za kutosha za kupasha watoto joto. Mtoto anafungwa kifuani kwa mama, au kwa baba, mchana na usiku. Hapo sweta haivaliwi, angalieni vizuri, kwa sababu inakata joto la mama. Anabaki na kofia, soksi na kitambaa chake cha choo, basi. Kofia na soksi ndiyo kazi yetu.

Sasa uzi. Duka la uzi mpya ni mbali na bei inapanda, lakini uzi uko hapa, umelala kwenye mitumba. Sweta moja ya mtu mzima ina gramu 300 mpaka 500. Sweta ya mtoto mchanga inakula gramu 100 mpaka 150, kofia 30, soksi 20. Hesabuni wenyewe: sweta moja ya mtu mzima, yenye kiwiko kimetoboka ambayo muuzaji anaitupa chini ya fungu, inaweza kuvalisha watoto wawili.

Lakini si kila sweta inafumuka. Igeuzeni ndani nje muangalie mshono wa ubavuni. Ukiona vipande viwili vimeshikana kwa mnyororo mmoja wa uzi, kila kimoja na pindo lake zima, hiyo ni nzuri. Ukiona pindo limekatwa kwa mkasi na kushonwa juu kwa nyuzi nyingi za zigizaga, rudisha, kwa sababu ukifumua utapata vipande vifupi vifupi, kila mstari umekatika mwisho. Tumeona mama analia na mfuko mzima wa vipande hivyo. Achana pia na ile iliyoganda kwa kufuliwa na maji ya moto, vitanzi vimeshikana kama blanketi.

Fungua mishono kwanza, tenganisha mikono, mgongo na kifua. Kisha anza kufumua kutoka juu, upande wa shingo, kwa sababu sweta nyingi zilifumwa kuanzia chini, na ukianzia chini uzi utakataa. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pane usije ukachanganyika, ufue na sabuni, halafu uning'inize na kitu kizito chini, chupa ya maji inafaa. Ukikauka, yale mawimbi yameondoka. Uzi wa mashine mara nyingi ni mwembamba, basi shikeni nyuzi mbili au tatu pamoja.

Kabla ya kazi yote hiyo, kateni kipande kidogo muchome. Sufu ya kondoo inanuka kama nywele zinaungua na majivu yake yanasagika kidoleni. Ule mwingine, wa plastiki, unayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Huo wa plastiki unafaa, unafuliwa vizuri na haumwashi mtoto, lakini nyumba zetu zina moto chini. Cheche ikimwangukia mtoto aliyevaa plastiki, inayeyuka juu ya ngozi. Kwa mtoto anayetambaa karibu na mafiga, tafuteni sufu au pamba. Hapa hatubembelezi mtu.

Sindano nazo, musingojee mradi. Spoki za baiskeli, zile wengine munaita rayo za kinga, zina milimita 2 za unene. Zikatwe, zisuguliwe ncha kwenye jiwe, zinafaa kwa uzi mwembamba. Kwa uzi mnene chongeni mwanzi uwe na unene wa ule mrija wa wino ulio ndani ya biki, au zaidi kidogo, kisha muupake mafuta ya mawese na kuufuta mpaka uteleze. Bibi mmoja alitwambia sindano zake za mwanzi zimemzidi mumewe kudumu. Hatukuuliza zaidi.

Wengi wenu mulijifunza kroshe kambini, kwa ajili ya vitambaa vya viti. Mikono hiyo ni mali. Ila kwa nguo ya mtoto, kroshe inakula uzi zaidi na inakuwa ngumu, haivutiki. Triko ya sindano mbili inavutika, inapita kichwani bila vita, na mtoto akikua wiki tatu bado inamwingia. Kazi hii iliingia huku zamani na misioni na zile fwaye sosiali za wakati wa Mbelgiji, ambako wamama walifundishwa kuwa wake wa nyumbani kwa mfano wa Ubelgiji. Tuache mengine yao, tubaki na sindano.

Kofia ya kwanza ni hii. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina karibu sentimita 35 kuzunguka. Fuma kwanza kipande cha kujaribu, uhesabu vitanzi kwenye sentimita 10. Tuseme umepata 22. Basi anza na vitanzi 72, ambavyo vinatoa karibu sentimita 33, na kwa kuwa vinavutika, vitakaa vizuri bila kuanguka. Fuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, hivyo hivyo, mpaka urefu wa sentimita 11 au 12. Halafu shika viwili viwili pamoja mstari mzima: 72 zinakuwa 36. Fanya tena: 18. Pitisha uzi ndani ya hizo 18, kaza, shona ubavu. Mwenye kujua anaimaliza kwa jioni mbili.

Musiweke kamba ya kufunga chini ya kidevu, wala utepe shingoni, wala kifungo ambacho mtoto anaweza kung'oa na kumeza. Soksi na glavu zigeuzeni ndani muangalie nyuzi zinazolegea, kwa sababu uzi mmoja unaweza kuzunguka kidole cha mtoto na kukikaza mpaka kiwe cheusi, na yeye analia tu, hajui kusema. Na mtoto akiwa na homa, musimwongezee sweta. Tunajua mama anamwona anatetemeka na roho inamwambia amfunike. Mvueni, muende naye kwenye santé siku hiyo hiyo, inaweza kuwa malaria. Hapa ziwani, mchana wa jua, kofia ya sufu ivuliwe pia. Gusa shingo yake kwa nyuma: ukikuta jasho, amevaa kupita kiasi.

Sasa tunarudi kwenye kura, na hapa wababa tusikilizeni. Wengine walicheka mwanzoni. Lakini nani ana baiskeli mbovu nyumbani? Nani anajua kuchonga mwanzi? Na wale wawili wanaume ambao munawajua, waliokuwa wakifuma kule kambini, wako humu ndani. Wakitaka kunyanyua mkono watanyanyua wenyewe.

Wazo letu ni kwamba sanduku linunue mitumba ya kufumua, sweta 20 za kuanzia, zichaguliwe na wamama wawili wenye jicho. Hakuna mashine wala kodi ya chumba. Kila mama mwenye mimba ya miezi sita apewe uzi wake na afume mwenyewe, kofia, soksi, sweta, iwe tayari mwezi wa nane. Asiyejua akae na anayejua. Mwenye mikono mgonjwa afumiwe na kikundi. Uzi usigawiwe kwa watu wa komite kwanza. Tunalisema mbele yao na wametusikia. Na mfuko ukiwa tayari, mama aende materinite nao kichwa juu, hata kama rangi tatu hazifanani.

Kama kikundi kitashiba, kila mtoto amepata, na sweta zinabaki, hapo muzungumze soko. Sisi tutakuwepo, mukituita.

Mutauliza, je, kama kura itaamua atelie? Sanduku ni lenu. Tutaheshimu, na tutawasaidia kuandika hesabu. Ila tunaomba hata hapo sweta 5 zitengwe kabla ya zote, kwa sababu sekretere ametuonyesha daftari, na kuna wamama watano kati yenu ambao hawatafika soko la mwezi ujao bila kuzaa.

Jumatano, baada ya watu kutoka shambani, tutakuwa hapa chini ya muembe. Njooni na sweta moja ya zamani, hata ya mume. Kabla ya kuifumua tutaangalia kwanza mshono.